Mwalimu aliyekataa kuondoka darasa la kwanza

Katika shule zetu za msingi kuna desturi ambayo haijaandikwa katika waraka wowote, lakini kila aliyewahi kukaa katika ofisi ya walimu mwezi wa Januari anaifahamu. Vipindi vinapogawanywa, darasa la saba hupewa walimu wanaosifika, kwa sababu huko ndiko uliko mtihani wa Taifa na ndiko shule inakopimwa; darasa la nne hufuata, kwa kuwa nalo lina mtihani wake; halafu, majina yakiwa yamekaribia kwisha, darasa la kwanza humwangukia aliyeripoti juzi, au anayekaribia kustaafu, au asiyeelewana na mwalimu mkuu. Ninaandika habari za mwalimu mmoja wa hapa Tanga aliyelifundisha darasa hilo karibu maisha yake yote ya kazi, wala hakulifundisha kwa kukosa pengine pa kwenda. Ameniruhusu niandike kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala shule alizopitia, kwa hiyo nitamwita Mwalimu, kama tulivyomwita sote, wakubwa kwa wadogo.

Alizaliwa Muheza, katika familia ya Kibondei iliyoishi kwa michungwa michache na vibarua vya mkonge, akamaliza darasa la saba katikati ya miaka ya sabini. Wakati huo nchi ilikuwa na haraka. Azimio la Musoma la Novemba 1974, la chama tawala cha TANU, lilikuwa limeagiza kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe mwaka 1977, badala ya kungoja hadi 1989 kama ilivyokuwa imepangwa mwanzoni, na walimu wa kuwafundisha watoto hao hawakuwapo, wala vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa muda uliobaki. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa maelfu na kupelekwa moja kwa moja shuleni, wakawa wanafundisha sehemu ya siku na kujifunza ualimu sehemu iliyobaki, kwa msaada wa wakufunzi, masomo kwa njia ya posta na vipindi vya redio. Hao ndio walioitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na jina hilo halikuwa la heshima. Hata leo, mtu akianza kueleza kwa nini elimu yetu ilishuka, huwafikia walimu wa UPE kabla hajamaliza chai yake. Mimi naona lawama hiyo imewaangukia wasiostahili, kwa maana binti wa umri ule aliyekabidhiwa chaki na watoto wasiohesabika hakuwa amejipangia mwenyewe, na wengi wao walibaki darasani miaka mingi baada ya waliopanga kustaafu.

Mwalimu mwenyewe hadai kwamba mafunzo yale yalitosha. Anasema kilichomwokoa ni mwalimu mzee wa darasa la jirani ambaye alimruhusu akae nyuma, kwenye dawati la mwisho, atazame namna somo linavyofundishwa, na ambaye jioni alimuuliza swali moja tu: ni mtoto yupi leo hakuelewa? Kama hakuweza kumtaja, alitakiwa kesho yake arudie somo lilelile. Miaka mingi baadaye, niliporipoti nikiwa mwalimu wa ajira mpya na kupewa mkondo B huku yeye akiwa na mkondo A, swali hilo niliulizwa na mimi, ila yeye aliongeza lingine: “Na ulimfanyaje, mwanangu?”

Kituo chake cha kwanza kilikuwa kijiji cha wavuvi kusini mwa mji, upande wa barabara iendayo Pangani. Shule ilikuwa na vyumba vichache vya udongo, na darasa la kwanza lilisomea chini ya mwembe hadi masika yalipowafukuza. Huko, alipokuwa akijumlisha mahudhurio mwisho wa mwezi, aligundua kwamba watoto hawakosi shule ovyo. Walikosa kwa makundi, siku tatu au nne mfululizo, wakarudi wote, na baada ya wiki mbili hivi wakatoweka tena. Walimu wenzake walikuwa na jibu tayari, nalo ni kwamba watu wa pwani hawapendi shule. Yeye aliyekulia mbali na bahari ilimchukua muda kung’amua kwamba siku hizo zilikuwa za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ambapo maji hukupwa mbali kabisa na miamba ikabaki wazi. Na katika pwani yetu kupwa huko kwa bamvua huangukia mnamo saa nne au saa tano asubuhi, katikati kabisa ya vipindi. Akina mama walishuka mwambani kutafuta pweza na chaza, na mtoto wa miaka saba alikuwa na kazi yake huko, kubeba ndoo, kumwangalia mdogo wake, kuchungulia mashimo ambayo mtu mzima hawezi kuinama akayafikia. Kitoweo cha siku zile ndicho kilichokuwa kinauzwa kupata sabuni na mafuta ya taa.

Sheria ilikuwa upande wa mwalimu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyefikia umri anaandikishwa na anahudhuria, na uongozi wa kijiji ungeweza kuwaita wazazi wote na kuwatoza faini. Jambo hilo lilikwisha kufanyika mara moja, na mahudhurio yalipanda kwa mwezi mmoja, yakashuka tena. Mwalimu alichagua njia nyingine, ambayo sidhani kama angekubaliwa lau angeiomba kwa barua. Alitafuta kalenda, akazungushia siku za bamvua, kisha akapanga azimio lake la kazi, yaani mpango wake wa kufundisha, kwa kuifuata: silabi mpya zilifundishwa siku za maji mafu, bahari inapokupwa kidogo tu, watoto wote wakiwapo, na siku za bamvua alizitumia kwa mazoezi ya mwandiko na marudio pamoja na wale waliobaki. Waliokwenda pwani aliwafundisha saa kumi alasiri, uwanjani kwa mmoja wa wazazi, wakiwa bado na chumvi miguuni. Mkaguzi aliyekuja mwaka mmoja aliusifu mpangilio wa kazi zake, asijue kwamba ulipangwa kwa mwezi wa mbinguni.

Kuna watakaosema kwamba kwa kufanya hivyo aliruhusu utoro. Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu mimi mwenyewe ni mkali wa mahudhurio, na jibu langu ni kwamba ningekubaliana nao kama wale watoto wasingejua kusoma. Walijua. Wapo leo katika mji huu watu wazima, mafundi, manahodha na makarani wa bandari, waliofundishwa herufi zao uwanjani pale.

Jambo la pili alilojifunza pwani lilihusu chuo, yaani chuo cha Kurani. Watoto wengi wa huku hufika darasa la kwanza wakiwa wamekwisha kukaa kwa maalimu mwaka mmoja au zaidi, nao huanza kuandika kutoka kulia kwenda kushoto, kama walivyofundishwa. Nimeona walimu waliowachapa watoto kwa kosa hilo, wakidhani ni uzembe. Mwalimu alikwenda kwa maalimu wa kijiji, akavua viatu, akaomba kukaa mkekani mchana mmoja, na akatoka na fikra ambayo sijaikuta katika kiongozi chochote cha mwalimu. Mtoto anayejua kwamba herufi ya Kiarabu be ikitiwa alama ya fataha husomeka ba, ikitiwa kasra husomeka bi, na ikitiwa dhumma husomeka bu, amekwisha kulielewa jambo lililo gumu kuliko yote katika kusoma, yaani kwamba konsonanti na irabu huungana zikatoa sauti moja. Kinachobaki ni kumwonyesha alama mpya za sauti anazozijua, kumwongezea e na o, na kumgeuza upande wa kuanzia. Kwa hilo la mwisho alichora nyota ndogo kwa kalamu nyekundu kwenye ukingo wa kushoto wa kila mstari wa daftari, na mtoto aliambiwa kwamba safari ya shuleni huanzia kwenye nyota, na safari ya chuoni huanzia upande wa pili, na zote mbili ni safari njema. Nyota zile alizichora jioni, daftari baada ya daftari, mpaka mtoto mwenyewe aseme hazihitaji tena. Maalimu naye, kwa upande wake, alianza kuwauliza watoto habari za shule.

Baadaye alihamishiwa mjini, upande wa Ngamiani, na huko ndiko nilikomkuta. Tanga ni mji unaojivunia shule zake kwa haki, kwa kuwa shule ya kwanza ya serikali katika koloni la Wajerumani ilifunguliwa hapa mwaka 1892, ingawa iliwekwa kwa ajili ya kupata makarani na watumishi wa utawala na si kwa ajili ya watoto wote wa mji. Wazazi wa mjini walikuwa na matarajio makubwa zaidi, na hilo lilileta tabu ya namna yake. Mzazi wa mjini humuuliza mtoto jioni, “Umejifunza nini leo?” na mtoto huimba ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, kwa sauti nzuri, na mzazi huridhika. Mwalimu hakuridhika kamwe na wimbo huo. Siku moja aliniita mkondo wake, akaandika bi ubaoni, peke yake, akamwinua binti mmoja aliyekuwa akisifiwa kuwa hodari. Nilimtazama yule mtoto midomo. Alinong’ona ba, be, kisha akasema kwa sauti, “Bi!” Darasa likapiga makofi. Mwalimu akaandika mo. Midomo ikaanza tena, ma, me, mi.

Mtoto huyu, alinieleza wakati wa mapumziko, amehifadhi safu na hajaanza kusoma, na asipogunduliwa sasa atafika darasa la nne akiwa hivyohivyo, kwa sababu anafahamu mengi kwa masikio na atabahatisha mengine. Tiba yake ilikuwa kuivunja safu. Alikata vipande vya maboksi ya sabuni, akaandika kila silabi kwenye kipande chake, akavimwaga juu ya dawati bila mpangilio, na watoto wakaviokota na kuviunga: ba na ba, ta na a, mo na to. Aliyeunga neno lisilokuwapo hakuchekwa, aliulizwa tu lina maana gani, na mara nyingi alikuwa na maana aliyoibuni papo hapo. Silabi nzito, kama mbwa, ng’o, nywe na dha, alizichelewesha kwa makusudi hata kama kitabu kilizitanguliza, akisubiri mtoto apate kwanza furaha ya kusoma sentensi nzima iliyoandikwa kwa silabi nyepesi.

Lugha yetu ina wepesi wake unaodanganya. Kwa kuwa silabi nyingi huishia kwa irabu na herufi husomeka kama zilivyoandikwa, mtoto akishazijua silabi anaweza kusoma kwa sauti hata taarifa ya benki, asielewe kitu. Ndiyo maana kipimo chake cha mwisho kilikuwa cha kimya. Alikuwa na kadi zenye amri fupi, akampa mtoto moja bila kusema neno. Namkumbuka mvulana mmoja aliyekuwa mgumu kuzungumza, ambaye mimi ningemwandika kuwa hajui: aliitazama kadi kwa muda, akasimama, akapita katikati ya madawati, akagusa dirisha, akarudi kuketi. Kadi ilisema, “Gusa dirisha la nyuma.” Kulikuwa na madirisha manne, na alikuwa amegusa la nyuma. Mwalimu akaandika jambo katika kidaftari chake na kumpa kadi aliyefuata.

Fimbo aliiacha mapema, kabla ya kanuni za mwaka 2002 zilizoweka mipaka ya viboko visivyozidi vinne, tena kwa mwalimu mkuu au aliyemteua. Hakuiacha kwa hotuba. Alisema tu kwamba mtoto anayeogopa huangalia mkono wa mwalimu, naye alitaka aangalie ubao.

Mara mbili aliitwa ofisini akaombwa kuwa mwalimu mkuu msaidizi, kwa maana ya kuelekea ualimu mkuu, na mara mbili alikataa. Watu walishangaa, na nadhani mumewe, Mungu amrehemu, alishangaa kuliko wote, kwa sababu madaraka ndiyo njia ambayo mwalimu wa msingi huonekana. Hapo ndipo penye kasoro ninayotaka kuisema wazi. Mwalimu aliye hodari wa kufundisha kusoma, tunapotaka kumpongeza, tunamwondoa darasani: tunampa ofisi, au kazi ya kusimamia elimu ya kata, au darasa la saba. Hatuna namna ya kumwambia abaki pale alipo na akaongezewa heshima na kipato kwa sababu hiyohiyo. Yeye alipanda kwa njia ndefu, kutoka daraja la IIIC alilopewa wakati wa UPE hadi daraja la IIIA, kwa kusoma usiku akiwa na watoto wa kulea na rundo la madaftari ya kusahihisha, na barua ya kupandishwa ilipokuja, mshahara haukubadilika kwa muda mrefu. Alikuwa na faili la maboksi lenye nakala za kila barua, kila hati ya malipo na kila fomu ya madai ya malimbikizo, naye alilibeba kwenye baiskeli yake kwenda ofisi fulani na kurudi nalo, kwa utulivu ambao mimi sina. Aliwahi kuniambia kwamba faili lile lilimfundisha uvumilivu kuliko darasa la kwanza.

Wingi wa watoto ulimjaribu mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa wa UPE. Mara ya pili ulikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa, ambapo wanafunzi wa shule za msingi nchini waliongezeka kutoka milioni 4.4 hivi mwaka 2000 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Wa tatu ulikuwa wa elimu bila malipo ya mwaka 2016, na huo niliuona kwa macho yangu. Kiwango kinachotajwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Sisi tulikuwa na zaidi ya mia katika kila mkondo, dawati la watatu likikaliwa na watano, na waliobaki wakiketi sakafuni mbele, karibu na ubao. Nilidhani mbinu zake za kadi na minong’ono zitashindwa na umati ule. Hazikushindwa, ila zilibadilika sura: aliwagawa watoto katika makundi kwa kadiri ya walichokijua na si kwa umri, akawapa kundi moja visoda vya kuhesabia, lingine vipande vya maboksi, lingine mwandiko, na yeye akakaa na kundi moja tu kwa dakika chache za kweli, akihama. Kwa siku nzima hakumfikia kila mtoto. Kwa wiki alimfikia, na kidaftari chake kilionyesha hivyo. Nakiri kwamba kelele zilikuwa nyingi, na mwalimu wa darasa la jirani alilalamika zaidi ya mara moja, naye alikuwa na haki.

Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu wa darasa la kwanza na la pili ulipoanza mwaka 2015, tuliitwa kwenye mafunzo ya namna ya kufundisha kwa kuanzia sauti za herufi. Mwezeshaji, kijana mwenye adabu, alieleza kwamba kuimba safu za silabi hakutoshi. Mwalimu aliandika maelezo yote kwa mwandiko wake wa mviringo, bila kuinua mkono. Jioni nilimuuliza kwa nini hakusema kwamba hayo aliyafanya tangu zamani. Akajibu kwamba alikuja kusikiliza, na kwamba kulikuwa na jambo moja ambalo hakulijua kuhusu watoto wanaochanganya b na d, na angelijaribu Jumatatu.

Alistaafu kwa umri wa lazima wa miaka 60. Kulikuwa na hafla, pilau, vitenge, kadi ya pongezi na hotuba ambazo zilimtaja kuwa mama na mlezi. Hakuna aliyemtaja kuwa mtaalamu, na hilo liliniudhi kuliko ilivyomuudhi yeye. Tukimwita mlezi tunamaanisha kwamba ana moyo mzuri, na moyo mzuri anao, lakini hadi leo sijui mwalimu mwingine katika mji huu anayeweza kumsikiliza mtoto akisoma mstari mmoja na kukuambia ni silabi ipi iliyofundishwa vibaya na kwa nini.

Mimi nilikwisha kuhamishiwa madarasa ya juu. Mtaala mpya ulipoanza mwaka 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, na vipindi vikawa vinagawanywa, niliinua mkono na kuomba darasa la kwanza. Ofisi ilinyamaza. Kikao kilipokwisha, mwalimu mkuu alinivuta pembeni, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kusuluhisha, ni nani pale shuleni niliyekosana naye.